Sura ya Sita: Presha Huanzia Mjini

Mwaka 1985 daktari Mwingereza aitwaye Geoffrey Rose alichapisha makala yenye mchoro ambao wanafunzi wa afya ya umma wanafundishwa hadi leo. Mchoro huo una mistari miwili, kila mmoja umeinuka katikati na kushuka pembeni. Wa kwanza unaonyesha presha ya wanaume wa makamo miongoni mwa wafugaji wa kuhamahama wa Kenya. Wa pili unaonyesha presha ya wanaume wa rika hilohilo waliokuwa watumishi wa serikali jijini London. Umbo ni lilelile, ila mstari wa London umesogea wote kuelekea presha ya juu. Wenye presha ya chini wa London waliwapita wenye presha ya chini wa Kenya, wa kati wakawapita wa kati, na wa juu wakawapita wa juu. Ukimpima karani mmoja wa London peke yake, huenda ukasema hana neno. Ukimrudisha katika kundi lake, unaona kundi zima limebeba mzigo ambao yule mchungaji wa Kenya hakuubeba.

Rose alitenganisha maswali mawili ambayo tumezoea kuyachanganya. Kwa nini fulani ameugua? Hilo daktari hulijibu kwa kumpima huyo fulani. Kwa nini watu wa mahali hapa wanaugua kwa wingi kuliko wa pale? Hilo huwezi kulijibu kwa kumpima mtu mmoja, hata umpime mara mia, kwa sababu kinachowafanya watu waugue kinamzunguka kila mmoja wao. Kiko kwenye chakula, kwenye hewa, kwenye bei na kwenye sheria. Akaongeza jambo ambalo wengi hulikataa wanapolisikia mara ya kwanza: watu wengi wenye hatari ndogo huzaa wagonjwa wengi kuliko watu wachache wenye hatari kubwa. Ukiwahudumia wale wachache tu, umeliacha tatizo kubwa lilipo.

Sura hii inahusu demensia, ule ugonjwa unaokula kumbukumbu, kisha busara, kisha uwezo wa mtu kujivika nguo. Nimeanza na presha kwa makusudi. Ninavyoona mimi, Kenya inautafuta ugonjwa huu mahali pasipo pake. Tunautafuta kwa wazee wa miaka 80 waliokwisha kupotea njia ya chooni, ilhali sehemu kubwa ya ugonjwa huo ilitengenezwa miaka 40 kabla, mjini, katika miili ya vijana waliokuja kutafuta kazi.

Chukua Olympic. Iko ukingo wa juu wa Kibera, kando ya Kibera Drive, pale matatu za kutoka mjini zinapogeuzia. Upande mmoja kuna nyumba za mawe na magorofa ya kupangisha. Upande wa pili mabati yanateremka kuelekea Kianda, Soweto na Gatwekera. Jioni watu wanaposhuka matatu, na wengi zaidi wanapofika kwa miguu kutoka Industrial Area na mitaa ya matajiri, vibanda vya chakula vinakuwa vimeshawasha moto. Simama kidogo kwenye kibanda cha chips. Karai la mafuta linachemka, mafuta yaleyale ya tangu asubuhi. Muuzaji anaopoa viazi, anavimwaga kwenye sinia la bati, kisha anachukua chupa ya plastiki iliyotobolewa kifuniko na kuitikisa juu yake: mara moja, mara mbili, mara tatu, kabla mteja hajasema neno. Mteja naye akishapewa karatasi yake, anaomba chupa aongeze. Pembeni kuna soseji na smokie ambazo zimetiwa chumvi tangu kiwandani. Nyumbani ugali utaliwa na sukuma wiki iliyokaangwa kwa mchemraba wa viungo wenye chumvi, kwa sababu nyama haipo na mchuzi unahitaji ladha. Kawangware, kwenye steji ya 46, utakuta chupa hiyohiyo na mkono huohuo.

Hakuna anayekosea katika hadithi hii. Muuzaji anauza kinachopendwa, mteja ana njaa na ana shilingi hamsini. Na yule anayemhubiria mteja huyu afanye mazoezi hajamtazama miguuni: mtu aliyetembea kutoka Kibera hadi kiwandani na kurudi amefanya mazoezi kuliko mhubiri wake.

Kenya ina ushahidi wake wenyewe wa kinachotokea mtu anapofika hapa, ushahidi ambao nchi nyingi zinautamani. Katika miaka ya 1980 Neil Poulter na wenzake waliwafuatilia Wajaluo waliotoka kwenye vijiji vya wakulima, kaskazini mwa Ziwa Victoria, kuhamia Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki kijijini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1990 yalikuwa ya kushtua kwa wepesi wake. Presha ya waliohama ilianza kupanda mapema mno, tofauti ikionekana ndani ya mwezi wa kwanza au miezi michache. Mkojo wao ulikuwa na sodiamu nyingi zaidi na potasiamu kidogo zaidi kuliko wa wenzao wa kijijini. Kwa maneno ya jikoni: chumvi ilikuwa imeongezeka, na mboga za kienyeji, viazi vitamu na matunda vilikuwa vimepungua. Uzito wao pia ulikuwa juu, na mapigo ya moyo yalikuwa ya kasi zaidi. Damu ni ileile, ukoo ni uleule, pengine hata ni ndugu wa tumbo moja. Kilichobadilika ni mahali mtu alipolala na alichokula.

Uchunguzi huu haukuwa wa demensia, na wala sidai hivyo. Lakini unatufundisha lini saa inaanza kuhesabu. Kijana aliyeshuka basi mwaka 1984 akiwa na miaka 25, leo yuko katikati ya miaka ya 60. Presha yake ilipanda akiwa bado anatafuta chumba cha kupanga. Kama hakuna aliyempima, ameishi nayo miongo minne.

Na kuna uwezekano mkubwa kwamba hakuna aliyempima. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta kwamba takriban mtu mzima 1 kati ya 4 nchini Kenya ana presha ya juu, na asilimia 56 ya watu wazima hawajawahi kupimwa hata mara moja. Kati ya wale waliokutwa nayo, ni kama 16 tu katika kila 100 waliokuwa wakijua. Kibera penyewe, watafiti waliowapima watu wa miaka 35 hadi 64 walikuta karibu 3 kati ya 10 wana presha ya juu. Hawa si wazee. Ni mama wa kibanda, ni fundi, ni kondakta.

Ubongo una mishipa midogo mno inayofikisha damu ndani kabisa, kwenye nyuzi zinazounganisha sehemu moja na nyingine. Kibera wanaijua mipira ya maji inayotambaa juu ya ardhi kutoka kwa muuza maji mmoja hadi mwingine. Presha ya maji ikizidi mwaka hadi mwaka, mpira unakakamaa, unavuja hapa, unaziba pale. Mishipa ya ubongo hufanya vivyo hivyo. Kila sehemu inayozibika hufa kimyakimya, eneo dogo kiasi kwamba mtu hajui. Baada ya miaka, maeneo hayo yanajumlishana: mwendo unakuwa wa kusuasua, mipango inamshinda mtu, hasira zinamjia kirahisi. Na pigo kubwa likija, yaani kiharusi, mara nyingi demensia hufuata nyuma yake. Kuna pia ugonjwa wa Alzheimer, ambao una chanzo chake kwenye protini zinazojikusanya katika ubongo. Lakini hata huo, ukiingia kwenye ubongo ambao mishipa yake imechakaa, dalili zake hujitokeza mapema. Wazee wengi wana vyote viwili kwa pamoja.

Sasa jambo linalonikera kuliko yote. Ukiwatafuta wazee wenye demensia Olympic, huwapati wengi. Mtu akishindwa na kazi, anarudi ushago: Siaya, Vihiga, Kitui, Makueni, Kisii. Mtaa unabaki wa vijana, na mpangaji wa afya wa jiji anapotazama takwimu zake anaona hana tatizo la wazee. Kwa hivyo presha hupandia Nairobi, na kusahau kunauguzwa Siaya. Kaunti iliyotengeneza ugonjwa haiuoni, na kaunti inayouona haikuwa na nafasi ya kuuzuia. Yule mkaza mwana anayemwosha baba mkwe wake na kumtafuta usiku shambani hana faili, hana malipo, na jina lake haliko kwenye bajeti yoyote. Mzee mwenyewe, akishatimiza miaka 70, anaweza kupata shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, na hizo ndizo zinanunua nepi.

Wapo wasiorudi popote. Wanubi, wajukuu na vitukuu vya askari Wasudani wa jeshi la Waingereza waliopewa makazi hapa tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, ushago wao ni Kibera. Walisubiri hadi mwaka 2017 kupata hati ya ardhi ya ekari 288. Katika mtaa wao wa Makina bibi anazeekea katika nyumba aliyozaliwa, miongoni mwa wajukuu. Kama Nairobi inataka kuona kwa macho yake demensia inayotokana na maisha ya mjini, ianze kwa majirani hao, badala ya kungoja takwimu za magharibi mwa nchi.

Haja ya kuharakisha ipo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na demensia, zaidi ya asilimia 60 kati yao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yalitazama mbele hadi 2050: dunia nzima itafika watu milioni 153, na katika ukanda wa Afrika Mashariki idadi itazidi mara nne ya ilivyokuwa 2019. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni habari njema iliyogeuka upande wa pili, kwa maana watu wanaishi zaidi. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 2.7 waliotimiza miaka 60 na zaidi.

Nchi tajiri zimeweka matumaini yao kwenye dawa mpya. Lecanemab iliidhinishwa rasmi Marekani Julai 2023. Katika majaribio yake ilipunguza kasi ya ugonjwa wa Alzheimer ulioanza karibuni kwa asilimia 27 katika miezi 18, tofauti ambayo madaktari wanabishana kama familia inaweza kuihisi. Bei yake ilipotangazwa ilikuwa dola 26,500 kwa mwaka, zaidi ya shilingi milioni 3, bila kuhesabu picha za ubongo zinazopaswa kurudiwa ili kuangalia uvimbe na damu, wala dripu ya kila wiki mbili. Sisemi dawa hizi hazina maana. Watu wanaozifanyia kazi wanastahili heshima, na huenda zitakazofuata zikawa nafuu. Lakini mtu akisimama mbele yetu na kusema hilo ndilo jibu la Kibera, hajui Kibera.

Wakati dawa hizo zikitafutwa, jambo lingine lilikuwa likitokea pasipo sherehe. Uingereza, watafiti waliwapima wazee wa Cambridgeshire, Newcastle na Nottingham kati ya 1989 na 1994, kisha wakarudi sehemu hizohizo kati ya 2008 na 2011 kwa njia ileile. Kwa hesabu za mwanzo walitarajia kukuta demensia kwa asilimia 8.3 ya wenye miaka 65 na zaidi. Walikuta asilimia 6.5. Hakuna dawa ya demensia iliyoleta tofauti hiyo. Kizazi cha pili kilikuwa kimesoma zaidi, kimevuta sigara kidogo zaidi, kimetibiwa presha na moyo mapema zaidi. Ule mstari wa Rose ulikuwa umesogea tena, safari hii kurudi upande wa afya.

Tuna pia mfano wa Ibadan, Nigeria. Wazee wa Kiyoruba walilinganishwa na Wamarekani weusi wa Indianapolis, watu ambao asili yao ni Afrika Magharibi. Matokeo ya mwaka 2001 yalionyesha wagonjwa wapya wa demensia Ibadan ni asilimia 1.35 kwa mwaka, na Indianapolis asilimia 3.24. Ukiweka hayo kando ya wale Wajaluo wa Poulter, unaona ugonjwa huu haukuandikwa kwenye damu pekee. Tume ya jarida la Lancet inayoongozwa na Gill Livingston ilitaja mwaka 2024 mambo 14 yanayoweza kubadilishwa, ikikadiria kwamba yakiondolewa yote, karibu asilimia 45 ya demensia duniani ingezuilika au kuahirishwa. Hesabu hiyo imeegemea sana data za nchi tajiri, na hakuna nchi itakayoyaondoa yote 14. Hata theluthi ya hiyo asilimia 45 ingekuwa faraja kwa familia nyingi mno.

Katika orodha ya tume hiyo kuna elimu ya utotoni, nami ningependa wapangaji wa afya wa Kenya waisome mara mbili. Ubongo uliosomeshwa hujijengea akiba. Ugonjwa ukija, unachelewa kuonekana. Shule ya Msingi ya Olympic ilikuwa zamani moja ya shule za umma zilizosifika Nairobi kwa matokeo ya mitihani, watoto wa Kibera wakishindana na watoto wa mitaa yenye pesa na kuwapita. Januari 2003 elimu ya msingi ikawa bure. Watoto wakafurika. Madarasa yaliyokuwa na nafasi yakajaa hadi mlangoni, na wazazi walioweza wakawahamishia watoto wao kwenye shule za kulipia. Wengi huisimulia habari hiyo kama kisa cha kuporomoka. Mimi naihesabu kuwa mojawapo ya hatua kubwa za kuzuia demensia zilizowahi kuchukuliwa nchini, ingawa walioichukua hawakuwaza demensia hata kidogo. Watoto walioingia darasa la kwanza mwaka ule watafika uzeeni kati ya miaka ya 2050 na 2060 wakiwa na akiba ambayo mama zao hawakuipata. Kilichokosekana ni walimu na madarasa ya kuwatosha, na kosa hilo bado linaweza kurekebishwa kwa wanaoingia leo.

Kodi nayo hufanya kazi ya namna hiyo. Moshi wa makaa na wa mafuta ya taa katika chumba cha futi kumi kwa kumi hauishii mapafuni; chembe zake ndogo huingia kwenye damu na kufika kwenye mishipa ya ubongo. Julai 2021 serikali iliweka VAT ya asilimia 16 kwenye gesi ya kupikia. Mwaka uliofuata ikapunguzwa hadi 8, na mwaka 2023 ikaondolewa. Miaka hiyo miwili wabunge walijadili mapato. Sikumbuki kusikia mtu akisimama bungeni kusema kwamba wanajadili pia ubongo wa mama anayepikia kwenye jiko la makaa Kianda.

Majeraha ya kichwa yanaingia kwenye orodha hiyo ya mambo 14 pia, ya ajali na ya ngumi za usiku. Sheria za Michuki za mwaka 2004, zilizoleta mikanda na vidhibiti mwendo kwenye matatu, ziliokoa vichwa vya watu ambao hawatajua kamwe. Bodaboda wangehitaji ukali wa namna hiyo kwenye helmeti. Masikio yanayotoka usaha tangu utotoni na kuachwa, mtoto wa jicho usiotolewa, pombe kali, upweke wa mzee aliyefiwa: kila kimoja kingetosha sura yake.

Narudi kwenye presha kwa sababu ndiyo tunayoweza kuishika sasa hivi, kwa mikono tuliyonayo. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa kutoka China vijijini. Watu 33,995 wa miaka 40 na zaidi wenye presha ya juu, katika vijiji 326, walifuatiliwa kwa miaka 4. Katika nusu ya vijiji kazi ilipewa madaktari wa kijiji, ambao ni wahudumu wenye mafunzo ya msingi, si madaktari wa chuo kikuu. Walifuata mwongozo mmoja rahisi wa hatua kwa hatua: pima, anza dawa, ongeza, lengo chini ya 130 juu ya 80. Dawa zilitolewa bure au kwa bei iliyopunguzwa, na wagonjwa walifundishwa kujipima nyumbani. Mwisho wa miaka minne, demensia ilikuwa imepungua kwa asilimia 15 katika vijiji hivyo ikilinganishwa na vingine. Huo ndio ushahidi mzito zaidi tulio nao kwamba kazi ya mtu asiye daktari, mwenye mashine ya presha na dawa ya bei nafuu, inalinda akili za watu. Jaribio jingine la China vijijini lilikuwa limeonyesha mwaka 2021 kwamba kubadilisha chumvi ya jikoni kwa chumvi iliyochanganywa na potasiamu hupunguza kiharusi kwa asilimia 14. Chupa ile ya pale Olympic ingebaki mkononi mwa muuzaji yuleyule. Kilicho ndani ndicho kingebadilika. Lazima tu wenye ugonjwa wa figo watambuliwe, maana potasiamu inaweza kuwadhuru.

Kenya haihitaji kuanza kuajiri watu wa kazi hiyo. Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000, wale ambao mitaani wanaitwa CHP, kila mmoja akipewa nyumba kama 100 na mfuko wenye vifaa, mashine ya presha ikiwemo na ya kupima sukari pia. Posho yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Wengi ni wanawake wa mtaa huohuo. Mlango anaobisha anaujua, na anajua nani ndani analewa na nani amefutwa kazi. Hakuna daktari wa ubongo atakayewahi kuwa na ujuzi huo wa Kibera.

Kasoro iko baada ya mashine kusoma. Namba ikitokea 168 juu ya 100, CHP anaandika rufaa. Mama anafunga kibanda, anapoteza mauzo ya siku, anapanga foleni zahanati, na akifika dirisha la dawa anaambiwa amlodipini imeisha, anunue nje. Akiinunua mara moja, mwezi wa pili hanunui, kwa sababu haumwi popote. Presha ya juu haina maumivu ya kumkumbusha mtu. Mara ya pili CHP akibisha, mama anamwambia yuko sawa. Mfumo mpya wa bima ya afya ya jamii, ulioanza Oktoba 2024, umeahidi huduma bure katika zahanati na vituo vya afya kwa waliojisajili. Ahadi hiyo itapimwa kwenye dirisha lile la dawa. Kibera imewahi kuonyesha kwamba inawezekana: Madaktari Wasio na Mipaka waliendesha kliniki hapa kwa karibu miongo miwili, wakawatibu wagonjwa wa presha na sukari pamoja na wa Virusi vya Ukimwi chini ya paa moja, kabla ya kukabidhi kituo cha Kibera South kwa kaunti mwaka 2017. Mtindo wa Ukimwi, wa dawa za miezi kadhaa kwa mkupuo na mtu wa kukutafuta ukikosa kliniki, ndio presha inaohitaji. Tuliujenga kwa ugonjwa mmoja. Sioni sababu ya kuwanyima wengine.

Na waliokwisha kuugua je? Kuzuia hakuwafai tena, na sitaki sura hii iwapite kana kwamba ni hesabu iliyofungwa. Tiba ya jamii nzima inaanza na kuwatambua, na hapo Tanzania imetutangulia. Wilayani Hai, chini ya Kilimanjaro, watafiti waliwapima wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi katika vijiji sita mwaka 2009 na 2010, wakakuta asilimia 6.4 wana demensia. Vipimo vya Ulaya viliwakwaza, maana vinamtaka mtu aandike sentensi na kuchora maumbo, na bibi ambaye hakuwahi kushika kalamu anaonekana mgonjwa kabla hajajibu. Stella-Maria Paddick na wenzake wakatengeneza kipimo kifupi cha maswali sita kinachoitwa IDEA. Mzee anaulizwa siku ya leo, anaulizwa kiongozi wa kijiji ni nani, anataja wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja, anakumbuka maneno aliyosomewa. Kisha anawekewa njiti nne za kiberiti zilizopangwa kwa umbo, anaambiwa apange kama hizo. Njiti nne! Kila nyumba ya Kibera inazo. Kipimo hiki kingeweza kuingia kwenye mfuko wa CHP kando ya mashine ya presha bila kuongeza gramu.

Huko huko Hai walijaribu mazoezi ya akili ya kikundi: wazee wachache wanakutana mara kwa mara, wanazungumza juu ya ujana wao, vyakula, nyimbo, habari za siku, wakiongozwa na mhudumu aliyefunzwa. Kundi lilikuwa dogo, watu 34, lakini akili zao zilionyesha nafuu. Kenya nako, Christine Musyimi na David Ndetei wamefanya kazi Makueni na wahudumu wa afya ya jamii kuwatambua wenye demensia na kupunguza unyanyapaa. Jijini Nairobi, shirika la Alzheimer's and Dementia Organization Kenya, lililoanzishwa na Elizabeth Mutunga baada ya ugonjwa huu kumfika baba yake, huwakutanisha walezi ili mtu asikie kwamba si yeye peke yake anayetukanwa na mama yake mzazi.

Unyanyapaa huo una damu ndani yake. Oktoba 2021, Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati uliowaita wachawi. Kilifi wazee wamekimbilia Kaya Godoma kujinusuru na tuhuma za namna hiyo, zikiwa mara nyingi na ugomvi wa mashamba nyuma yake. Mzee anayetangatanga usiku, anayezungumza na wasioonekana, anayekutwa uani kwa jirani asijue amefikaje, yuko hatarini mahali ambapo jirani ana maelezo mengine tayari. Mtu wa kwanza kufika kwenye nyumba hiyo na maelezo ya kweli anaokoa maisha, tena kwa maana ya kawaida kabisa ya neno hilo. Kutambua demensia kijijini ni kazi ya usalama kama ilivyo kazi ya afya.

Ndiyo maana ningetaka daftari la Nairobi na daftari la ushago yawe kitu kimoja. Mama wa Olympic akipimwa presha na CHP wake akiwa na miaka 42, na akarudi Vihiga akiwa na 61, namba zake zimfuate, na CHP wa Vihiga ajue kwamba huyu alikuwa 168 miaka 19 iliyopita na aliacha dawa mara tatu. Nambari ya kitambulisho inatosha kumfuatilia mtu kwa kodi na kwa kura. Kaunti ya Nairobi ilipe sehemu yake ya dawa za wale waliozeekea kazini kwake. Na Makina, ambako wazee hawaendi popote, waanze na njiti nne mwaka huu, nyumba kwa nyumba, kwa lugha ya nyumba hiyo, iwe Kinubi au Kiswahili, na dawa ya presha iwepo dirishani siku rufaa ya kwanza itakapofika.